Gigabiti Nyumbani: Ruta Bado Ina Sababu ya Kupanga Nani Apite Kwanza?

Gemu ya gigabaiti 100, ikipakuliwa kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde, huchukua saa kumi na moja na ushei. Muda wote huo nyumba nzima inasota: kikao cha video kinakwama, sauti ya simu inakuja vipandevipande, anayetaka kufungua ukurasa mmoja tu wa habari anatazama duara likizunguka. Gemu hiyohiyo kwenye laini ya gigabiti moja humalizika kwa dakika kumi na tatu na sekunde ishirini, tena hapo nimechukulia kwamba seva ya upande wa pili iko tayari kumpa mtu mmoja gigabiti nzima, jambo ambalo si la kila siku.

Hesabu hiyo ndiyo silaha kuu ya wanaosema kwamba ule ukurasa wa mipangilio ya ruta ulioandikwa QoS, ambamo mtu huchagua kifaa gani au programu gani itangulie, ni masalio ya enzi za laini nyembamba. Nyumba ikishapata gigabiti moja, mbili, au hata kumi, hakuna tena wa kugombania njia, na kupanga foleni mahali pasipo na foleni ni kujitafutia kazi. Upande wa pili wapo wanaoapa kwamba hata kwenye laini hizo hawaachi kupanga foleni, na wana vipimo vya kuonyesha. Nilikuwa miongoni mwa hao wa pili kwa miaka, nikahamia kwa wa kwanza, na sasa nimesimama mahali ambapo pande zote mbili hunilaumu. Nadhani wanabishana juu ya vitu viwili tofauti vilivyobebeshwa jina moja.

Kimoja ni kipaumbele: kuamua nani awe mbele ya nani. Kingine ni urefu wa foleni: kuhakikisha hakuna anayengoja sana, awe nani. Ukurasa wa QoS kwenye ruta nyingi unauza cha kwanza. Kinachowafanya watu waone nafuu, mara nyingi, ni cha pili.

Data husafiri mtandaoni kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Pakiti ya kawaida ina baiti 1500, yaani biti 12,000. Kwenye laini ya megabiti moja, kuisukuma pakiti moja nje huchukua milisekunde 12. Simu ya sauti ikikuta pakiti tano kubwa zimetangulia, tayari imechelewa milisekunde 60, na hilo ni pengo ambalo sikio linaanza kuliona. Hapo kipaumbele kilikuwa na maana halisi: kuiruhusu sauti iruke mbele ya tano hizo kulibadilisha mazungumzo. Kwenye gigabiti moja, pakiti ileile hutoka kwa mikrosekunde 12. Ukiruka mbele ya pakiti tano umeokoa mikrosekunde 60. Hakuna mwanadamu wala gemu itakayojua.

Lakini foleni za mtandao hazina pakiti tano. Kila kifaa kilichoko njiani kina bafa, kumbukumbu ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri zamu, na kwa miaka mingi watengenezaji waliziongeza bafa hizo kwa imani kwamba kupoteza pakiti ni kosa na kuihifadhi ni wema. Mwishoni mwa 2010 Jim Gettys, mhandisi aliyekuwa kwenye maabara ya utafiti ya Bell Labs, alianza kueleza hadharani kile alichokiona kwenye laini ya nyumbani kwake: bafa zilizovimba kiasi kwamba kupakia faili moja kuliongeza ucheleweshaji hadi zaidi ya sekunde nzima. Sababu iko katika tabia ya TCP yenyewe, utaratibu ambao programu nyingi hutumia kutuma data mtandaoni. Anayetuma huongeza mwendo hadi aone pakiti imedondoka, ndipo apunguze. Bafa kubwa humficha habari hiyo. Yeye anaendelea kumimina, foleni inarefuka, na kila mwingine anayepita hapo anangoja nyuma ya mzigo wake.

Sasa chukua bafa ya megabaiti moja. Ikijaa kwenye laini ya megabiti 10, kuimwaga kunachukua sekunde 0.8. Kwenye laini ya gigabiti moja, bafa hiyohiyo inamwagika kwa milisekunde 8. Kambi ya kuzima QoS inapoishia hapo, inaonekana imeshinda.

Haijashinda, kwa sababu bafa haibaki ileile. Kanuni ya zamani ya wahandisi ilikuwa kwamba bafa iwe sawa na kasi ya laini mara muda wa pakiti kwenda na jibu lake kurudi. Kwa gigabiti moja na milisekunde 100, hiyo ni megabaiti 12.5, na ikijaa ucheleweshaji ni milisekunde 100 zilezile. Kasi imepanda mara mia, kungoja hakujapungua hata kidogo. Mwaka 2004 Guido Appenzeller, Isaac Keslassy na Nick McKeown wa Stanford walionyesha kwamba kanuni hiyo ni ya kupita kiasi kwenye njia kuu za mtandao, kwa kuwa mitiririko ya data, kila mmoja ukiwa muunganisho wake, ikiwa maelfu inapandana na kushukiana kwa nyakati tofauti, na bafa ndogo zaidi inatosha. Nyumbani hakuna maelfu ya mitiririko. Kuna gemu moja, nakala moja ya picha za simu, na kikao kimoja cha video. Nafuu ile ya takwimu haifiki mlangoni kwako.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "laini yangu ni ya kasi gani?" bali "foleni yangu iko wapi, na ina urefu gani ikijaa?" Laini ya kasi kubwa hubadilisha jibu la swali hilo kuliko inavyolifuta.

Nianze na hoja nzito zaidi ya wanaotaka QoS izimwe, ambayo kwa maoni yangu si wingi wa njia bali gharama. Kwenye gigabiti moja zinapita pakiti kubwa zipatazo 81,000 kwa sekunde kwa upande mmoja. Prosesa ya ruta inabaki na kama mikrosekunde 12 kwa kila pakiti: kuipokea, kubadilisha anwani, kuangalia sheria za ulinzi, kuitoa. Kwenye gigabiti kumi inabaki na mikrosekunde moja nukta mbili. Ruta ndogo haziwezi, ndiyo maana watengenezaji huweka ndani yake chipu maalumu inayozipitisha pakiti pembeni bila prosesa kuzigusa. Ukiwasha upangaji wa foleni, kwa kawaida njia hiyo ya mkato inafungwa, kwa sababu pakiti isiyopita kwa prosesa haiwezi kupangwa na prosesa. Ruta iliyokuwa ikitoa megabiti 940 inaanza kutoa mia chache. Zile za miaka ya nyuma huweza kuanguka hata chini ya mia mbili. Mwenye nyumba analipia gigabiti, anajikata mguu mwenyewe, kisha anampigia mtoa huduma kulalamika.

(Hiyo 940, kwa anayejiuliza kwa nini haioni 1000 kamili: ni vichwa vya pakiti na nafasi kati yake. Hakuna aliyekuibia.)

Hoja yao ya pili ni ya mahitaji. Simu ya sauti inahitaji kama megabiti 0.1. Netflix hupendekeza megabiti 15 kwa video ya 4K. Watu sita, kila mmoja na skrini yake ya 4K, ni megabiti 90. Haijafika hata sehemu ya kumi ya gigabiti. Anayejaza laini ni mmoja tu: kupakua faili kubwa au sasisho, na kwenye laini pana kazi hiyo inakwisha upesi. Sioni cha kubishia hapa, isipokuwa kwamba dakika kumi na tatu za gemu zinatosha kabisa kumharibia mtu usaili wa kazi.

Ya tatu ndiyo inayonishawishi zaidi kuhusu kipaumbele hasa. Ruta haijui tena kinachopita ndani yake. Zamani ilitazama namba ya poti, ule mlango ambao programu hupitishia data yake, na kukisia: hii ni simu, hii ni torenti, yaani kupakua faili kutoka kwa watumiaji wenzako. Leo karibu kila kitu kinapita poti 443 kikiwa kimesimbwa, na tangu QUIC, utaratibu mpya unaochukua nafasi ya TCP, ilipokuwa kiwango rasmi mwaka 2021, hata yale mazungumzo ya TCP ambayo ruta ilizoea kuyachungulia yamefunikwa. Filamu, kikao, na nakala rudufu vinaweza kutoka kwa kampuni ileile, kwa anwani zinazofanana, kwa poti ileile. Ruta zinazodai kutambua programu huishi kwa orodha za alama, na orodha huchakaa. Kupanga kwa kifaa nako kumedhoofika: simu za kisasa hubadili anwani ya MAC, namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao wa nyumbani, kulinda faragha ya mwenyewe, na ruta inamwona mgeni. Zile alama za kipaumbele zinazoandikwa kwenye kichwa cha pakiti, zilizowekewa kiwango tangu 1998, watoa huduma wengi huzifuta mpakani. Wana haki. Kama alama ya "mimi ni wa haraka" ingeheshimiwa kila mahali, kila programu ingejipachika.

Nina kisa changu. Kuna wakati niliiweka laptopu ya kazi kwenye daraja la juu kabisa la ruta, nikiamini sasa vikao vyangu vimelindwa. Vikawa vibaya kuliko awali. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba programu ya kuhifadhi nakala ilikuwa ndani ya laptopu ileile, nayo imepandishwa daraja pamoja na mwenye nyumba. Nilikuwa nimempa kipaumbele mtu aliyekuwa ananikaba.

Hapo kambi ya kuwasha, ile iliyo makini, inajibu kwamba mimi nilitumia chombo kibovu. Wana haki nao. Kilichobadilisha mambo si orodha bora ya vipaumbele bali wazo la kuachana na orodha. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa algoriti iitwayo CoDel, ambayo haihesabu pakiti ngapi ziko kwenye foleni. Inatazama kila pakiti imekaa muda gani. Ikiwa kungoja kumezidi milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100 mfululizo, inaanza kudondosha pakiti ili anayetuma apate habari mapema. Ikaunganishwa na ugawaji wa haki, kila mtiririko ukapewa foleni yake, na matokeo yake, fq_codel, yaliandikwa kama RFC 8290, moja ya hati za kiufundi za mtandao, Januari 2018. Mwaka huohuo CAKE, ndugu yake mwenye mambo mengi zaidi, iliingia katika toleo la 4.19 la Linux, mfumo endeshi ulio ndani ya ruta nyingi.

Kizuri cha mbinu hii ni kwamba inatoa kipaumbele bila kuuliza jina. Mtiririko mwembamba, unaotuma pakiti moja moja kwa vipindi, unakuta foleni yake tupu na unapitishwa mara moja. Mtiririko mnene unangoja nyuma ya pakiti zake wenyewe. Simu ya sauti, swali la DNS (la kutafuta anwani ya tovuti), mbofyo wa gemu, vyote ni vyembamba kwa maumbile yao; hakuna haja ya kuvisajili. CAKE huongeza kugawa kwa kifaa kwanza, kisha kwa mtiririko, ili kompyuta yenye miunganisho thelathini isimle anayetumia mmoja. Nimeona ugomvi wa ndani ya nyumba ukiisha kwa mpangilio huo kuliko kwa kikao chochote cha familia.

Tatizo ni kwamba foleni hupangwa pale inapokaa. Na kwa upande wa kupakua, haikai kwenye ruta yako. Iko kwenye kifaa cha mtoa huduma, upande wa pili wa waya, ambako hugusi kitu. Ujanja pekee wa ruta ya nyumbani ni kujifanya nyembamba: unaweka kikomo chini kidogo ya kasi halisi, tuseme asilimia 90, ili foleni ihamie kwako uipange. Kafara hiyo inachekesha ukiitazama katika laini za kasi. Kwenye megabiti 10 ulitoa megabiti moja na ukauona uchungu. Kwenye gigabiti moja unatoa megabiti 100, na hakuna atakayezikosa ila yule anayefungua ukurasa wa kupima kasi kila jioni. Kwa mahitaji, kafara imekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Kwa prosesa, imekuwa ghali kuliko wakati wowote, na CAKE hasa, kwa kawaida, hufanya kazi hiyo kwenye kiini kimoja tu cha prosesa, hivyo kuongeza viini hakusaidii sana.

Halafu kikomo hicho ni namba iliyokaa kimya, ilhali laini haikai kimya. Faiba ya aina ya GPON ina gigabiti 2.488 za kushuka na 1.244 za kupanda, zinazogawanywa kwa nyumba 32 au 64 za mgawanyiko mmoja. Saa ambazo kila mtu yuko mtandaoni, megabiti 900 ulizoweka kama kikomo zinaweza kuwa juu ya kile unachopata kweli, na foleni imerudi kwa mtoa huduma bila wewe kujua. Zipo programu ndogo za kupima ucheleweshaji kila mara na kusogeza kikomo, lakini zilizaliwa kwa ajili ya laini za simu na setilaiti zenye kuyumba sana. Kwenye faiba nzuri naziona ni mzigo.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba laini ni sawa pande zote mbili. Nyingi si sawa, na hapa ndipo ninapowaacha wa kambi ya kuzima. Laini za kebo zilizouzwa kama gigabiti kwa miaka mingi zilikuwa na megabiti 35 au 50 tu za kupakia. Mnunuzi anasoma tarakimu kubwa, na kila kinachotoka ndani ya nyumba yake kinapita kwenye tundu dogo: picha za simu zinazojihifadhi usiku, kamera za ulinzi, upande wake wa kikao cha video. Bafa yetu ya megabaiti moja kwenye megabiti 35 ni sekunde 0.23. Isitoshe, kupakua kwenyewe kunahitaji njia ya kupanda. Kifaa kikijibu risiti moja kwa kila pakiti mbili, gigabiti ya kushuka inazaa risiti elfu arobaini kwa sekunde, na hizo peke yake ni kama megabiti 20. Modemu na mifumo ya kisasa huzipunguza, lakini hesabu inaonyesha kwa nini upakiaji ukijaa hata upakuaji unadorora.

Na huku kwenye kupakia, kila kitu kiko upande wa ruta: foleni ni yako, mwendo ni mdogo, prosesa ya kawaida inaumudu. Kupanga megabiti 35 hakuishughulishi ruta hata ya zamani. Ajabu ni kwamba ruta nyingi hukulazimisha kuwasha pande zote mbili kwa swichi moja, na hapo mtu anakosa dawa kwa sababu imefungwa pamoja na sumu.

Hata hapa kambi ya kuzima ina kinga yake. Viwango vya DOCSIS 3.1, vya intaneti ya kebo, vinaitaka modemu yenyewe idhibiti foleni ya kupakia kwa algoriti ya PIE. Comcast, mtoa huduma ya kebo wa Marekani, iliripoti mwaka 2021 kwamba modemu zenye udhibiti huo zilikuwa na ucheleweshaji wa milisekunde 15 hadi 30 laini ikiwa imejaa, wakati zisizo nao zilifika karibu 250. Mwenye modemu ya kundi la kwanza akipanga tena kwenye ruta, anaongeza kidogo sana. Wa kundi la pili anaongeza mengi. Wote wawili wanaweza kuwa na mkataba wenye kasi ileile, wakakaa kwenye mtaa uleule, na kila mmoja akamwona mwenzake mwongo.

Kuna hali moja ambayo ugawaji wa haki unashindwa na kipaumbele cha kale kinarudi na heshima yake. Mtu anarusha video moja kwa moja kwa megabiti 8, laini yake ya kupakia ni megabiti 20, na programu ya nakala imefungua miunganisho minane. Haki ikigawanywa kwa mtiririko, kila mmoja anapata mbili na ushei, na mrushaji anakatika. Ugawaji kwa kifaa unamwokoa ikiwa nakala iko kwenye kifaa kingine. Zikiwa kompyuta moja, haumwokoi. Dawa ni kuishusha nakala kwenye daraja la chini kabisa, lile la kupita pakiwa na nafasi tu. Angalia kwamba ni kushusha, si kupandisha. Ukipandisha, lazima umjue kila aliye muhimu, na kesho atakuja mwingine. Ukishusha, unahitaji kumjua mmoja tu mlafi, naye hajifichi. Programu nyingine hujishusha zenyewe: mbinu ya LEDBAT, iliyoandikwa kama RFC 6817 mwaka 2012 na kutumika sana kwenye torenti, hurudi nyuma mara inapohisi kungoja kumeongezeka. Ningependa kuiona kwenye kila programu ya kuhifadhi nakala kabla ya kuona kitufe kingine cha "hali ya gemu" kwenye ruta.

Nimeliacha la Wi-Fi kwa sababu linaudhi pande zote. Nyumba nyingi zenye gigabiti hazina foleni kwenye laini kabisa. Foleni iko hewani. Simu iliyo vyumba viwili kutoka kwa ruta inaweza kuwa inapokea megabiti 60, na laini ya gigabiti nyuma yake imelala. Ukipanga vipaumbele kwenye mlango wa laini, unampanga ambaye hajajaa. Baya zaidi, hewa hugawanywa kwa zamu, na kifaa kilicho mbali hutumia muda mrefu zaidi kwa pakiti ileile, kikiwaburuza walio karibu hadi mwendo wake. Kasoro hiyo ilielezwa kitaalamu tangu 2003. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake, akiwemo Dave Täht, walionyesha kwamba ukigawa muda wa hewa kwa haki badala ya idadi ya pakiti, na kuweka foleni fupi ndani ya kiendeshi cha Wi-Fi, programu inayoiendesha chipu yake, kasoro inatibika. Kazi hiyo iliingia Linux, lakini si kila ruta inayouzwa inaitumia, kwa kuwa viendeshi vya chipu nyingi vimefungwa.

Kwenye Wi-Fi, tofauti na laini, hata madaraja yana maana: kuna manne, na daraja la sauti husubiri muda mfupi zaidi kabla ya kuidaka hewa. Kwa hiyo mtu aliyezima QoS ya laini asizime na WMM, jina la mpangilio huo wa madaraja ya Wi-Fi, kwa kudhani ni kitu kilekile. Ni kosa ninalolikuta mara kwa mara, na tangu Wi-Fi 4 kuzima WMM humrudisha mtu kwenye kasi za zamani kwa mshangao wake.

Wenye gigabiti kumi wana kituko chao. Laini inaingia kwa kumi, milango ya vifaa ni ya moja au mbili na nusu. Foleni sasa iko ndani ya nyumba, kwenye swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha vifaa kwa waya, na bafa za swichi ni ndogo. Hazivimbi, zinamwaga. Kompyuta inaona pakiti zikipotea bila ucheleweshaji kuongezeka, na mwenyewe analaumu mtoa huduma. Hakuna ukurasa wa QoS wa nyumbani utakaomsaidia. Kwa bahati nzuri ni wachache.

Kwa hiyo kupima kwanza. Kompyuta ikiwa kwenye waya, tazama muda wa kwenda na kurudi laini ikiwa imetulia, kisha ukiwa unapakua kwa nguvu, kisha ukiwa unapakia. Rudia kwenye Wi-Fi, mahali unapokaa kweli. Tangu macOS Monterey ya 2021, amri ya networkQuality hufanya hivyo bila kufunga kitu. Kwa wengine kurasa za kupima kasi zinazoonyesha ucheleweshaji chini ya mzigo zinatosha. Ikiwa waya unaongeza chini ya milisekunde 20 au 30 pande zote, mimi ningezima QoS ya laini nisiitazame tena. Ikiongezeka kwenye kupakia tu, ningeweka kikomo huko tu. Ikiongezeka kwenye kupakua, ningeuliza kwanza ruta inaweza kusukuma kiasi gani kabla ya kuigusa. Ikiwa waya ni safi na Wi-Fi ni chafu, pesa ya kupandisha kifurushi ni afadhali inunue kituo cha pili cha Wi-Fi na waya wa kukifikia.

Muda mrefu zaidi, naona kazi yenyewe ikihama kutoka ruta ya nyumbani. L4S, mbinu mpya ya kudhibiti foleni iliyochapishwa Januari 2023 kama RFC 9330 na ndugu zake, inataka kifaa kinachoshika foleni kiweke alama kwenye pakiti mapema badala ya kuidondosha, na programu itii kwa haraka, kungoja kukibaki chini ya milisekunde moja kwa sehemu kubwa. Comcast ilianza kuipeleka kwa wateja Januari 2025. Uzuri wake ni kwamba foleni inadhibitiwa pale ilipo, kwa mtoa huduma, bila kafara ya asilimia kumi. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji mtoa huduma, modemu na programu vikubaliane, na kuna wahandisi wa upande wa fq_codel ambao hawajaridhika na jinsi inavyoishi na trafiki ya zamani. Huwezi kuiwasha peke yako jioni moja.

Mimi nyumbani nimeacha kikomo cha kupakia tu, na nakala nimeishusha chini kabisa. Kupakua kumeachwa huru. Miezi michache iliyopita mtoa huduma aliongeza kasi ya kupakia bila kelele, akaidoblisha, na mimi nikaendelea wiki kadhaa nikilalamika kwamba mafaili ya kazi yanapanda polepole, hadi siku nilipofungua ruta na kukuta namba ya zamani ikiwa pale pale nilipoiweka.